Faili la ofisi ni la nani? Maadili na sera za nyaraka, tukiongea kama watu wa Kusini

"Mzee wangu, faili lako halionekani, hebu pita tena wiki ijayo."

Kama hujaambiwa wewe basi kaambiwa baba yako, au shangazi, au jirani. Mwalimu mstaafu wa Newala anafuatilia mafao, mjane wa Kilwa anafuatilia kiwanja cha marehemu, kijana wa Masasi anatafuta barua yake ya kuthibitishwa kazini ili apandishwe daraja, wote wanakutana na maneno hayohayo na wote wanaondoka wakimsonya yule dada wa masjala, kile chumba cha kutunzia mafaili. Sawa, uzembe upo, sikatai. Ila ukilichimba hili jambo unakuta uzembe ni kipande kidogo tu. Kipande kikubwa ni kwamba ofisi zetu nyingi, za serikali, za ushirika, shule binafsi, zahanati, hata za misikiti na makanisa, hazijawahi kukaa chini zikakubaliana faili ni la nani, nani alione, likae muda gani na nani mwenye ruhusa ya kulitupa. Matokeo yake aliyeshika ufunguo wa kabati ndo anakuwa mwenye faili, leo anakuonyesha, kesho anakuzungusha, keshokutwa limepotea.

Kwa hiyo tukisema maadili na sera za nyaraka tusiwaze habari za kupanga makabati na kubandika lebo. Hapa tunaongelea madaraka. Karatasi moja ya ofisi ina watu watatu nyuma yake: aliyeiandika, aliyeandikwa ndani yake, na atakayekuja kuihitaji, ambaye pengine hata hajazaliwa. Wa kwanza yuko ofisini na ana sauti. Wa pili yuko nje kwenye benchi. Wa tatu hayupo kabisa na hana wa kumsemea. Karibu kila mgogoro wa nyaraka ninaoujua, mkubwa kwa mdogo, ni huyu wa kwanza kawasahau hao wawili.

Tuanzie kwenye korosho, maana huku kwetu ndo kumbukumbu inayogusa mifuko ya wengi.

Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kwa mnada yakiwa ghalani kwa karatasi ya ushahidi, ina sheria yake ya mwaka 2005 na kwenye korosho ilianzia hukuhuku Mtwara msimu wa 2007/08. Ukiutazama ule mfumo kwa macho ya mtu wa nyaraka utaona ni safari ya karatasi, korosho zenyewe zinafuata nyuma. Mkulima anafika AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, na magunia yake, zinapimwa, ubora unaangaliwa, karani anaandika jina, kilo na daraja, anampa risiti. Mzigo unaenda ghala kuu, stakabadhi inatoka, mnada unafanyika, mnunuzi analipa, hela inashuka kupitia chama kikuu na AMCOS mpaka akaunti ya mkulima benki, makato yakiwa yameshakatwa njiani. Kila hatua hapo kuna mtu mmoja mwenye kalamu ambaye anaweza kumharibia mwenzake msimu mzima. Karani akiandika Hamis wakati benki inamjua kama Hamisi, malipo yanaenda yanagonga yanarudi, na mwenye hela yake anaanza kuhesabu nauli za kwenda mjini kufuatilia herufi moja. Akiandika 412 kwenye risiti na 421 kwenye daftari, hizo kilo tisa ni za nani? Na akishagundua kakosea, akachukua ile rangi nyeupe ya kufutia akapaka, akasubiri ikauke, akaandika upya kwa mwandiko mzuri kabisa, basi hata kama nia yake ilikuwa safi kashaua ushahidi, maana hakuna tena wa kujua pale mwanzo paliandikwa nini. Alitakiwa apige mstari mmoja juu ya namba ya zamani, namba yenyewe ibaki inasomeka, aandike ya sahihi pembeni, aweke saini na tarehe. Ukurasa unakuwa mbaya kuangalia lakini unasema kweli.

Wataalam wana kiwango chao cha kimataifa kinaitwa ISO 15489, kilitoka mwaka 2001 kikaboreshwa 2016, na ukikivua lugha ngumu kinadai kumbukumbu iwe na sifa nne tu. Iwe halisi, yaani kweli imetoka kwa anayetajwa kuwa kaitoa. Iaminike kwa inachokisema. Iwe kamili, haijaguswaguswa. Na ipatikane itumike pale inapohitajika. Daftari la AMCOS linaweza kuwa na hizo zote likiwa na jalada la kadibodi lililochanika, na mfumo wa kompyuta wa mamilioni unaweza usiwe na hata moja.

Mnaukumbuka msimu wa 2018. Novemba mwaka ule serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba, na kabla ya kulipa ukaja uhakiki, wenye zaidi ya kilo 1,500 wakafuatwa mpaka shambani kuangaliwa kama mikorosho yao kweli inaweza kutoa mzigo huo. Walikuwa wanatafutwa watu wa kangomba, wale walionunua kwa wakulima kwa bei ya kutupa halafu wakaingiza mzigo kama wa kwao. Siasa zake tuziache. Kwa mtu wa nyaraka kilichotokea ni kwamba daftari halikuaminika peke yake, ikabidi mti uitwe utoe ushahidi, na mkulima wa halali akapanga foleni moja na mlanguzi kwa sababu karatasi zilishindwa kuwatofautisha.

Sasa hapa watu huwa wanachanganya sheria, sera na maadili wanayaona kitu kimoja. Sheria inasema kisichoruhusiwa nchi nzima. Sera ni taasisi yenyewe inajiwekea utaratibu, nani afanye nini na lini. Maadili ni kile unachofanya pale ambapo sheria haikufika na sera haijaandikwa, au imeandikwa vizuri tu halafu bosi anakukonyeza uiruke.

Kwa ofisi za umma sheria mama ni ile ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, iliyochukua nafasi ya ile ya 1965. Hiyo ndo inayowabebesha wakuu wa taasisi za umma wajibu wa kutunza kumbukumbu, ndo inayokataza kuteketeza nyaraka ya umma kwa kujiamulia bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kwa kawaida kumbukumbu za umma zikifikisha miaka 30 wananchi wanaruhusiwa kuzisoma. AMCOS yako, shule binafsi ya mjomba, au kikundi cha akina mama kule Mikindani haviishi moja kwa moja chini ya mkono wa hiyo idara, na ndo maana vinahitaji sera ya kwao wenyewe kuliko hata halmashauri inavyohitaji.

Sera nzuri wala si kitabu, kurasa nne tano zinatosha. Nani anafungua faili. Anayeliazima anasaini wapi na analirudisha lini. Kipi ni cha siri na nani kaamua kiwe siri. Kila aina ya karatasi ikae miaka mingapi. Anayeondoka kazini anakabidhi nini, kwa nani, mbele ya nani. Hapo kwenye makabidhiano ndo panapotuumiza zaidi, katibu kamaliza muda wake au kashindwa uchaguzi, madaftari ya miaka sita yako kwake nyumbani chini ya kitanda, ukimfuata anakwambia niliandika mimi kwa mkono wangu. Hapana kaka. Mkono ni wako, daftari la wanachama.

Na kuna sera nyingine zipo kabatini zimegongwa mihuri yote lakini ukizisoma unaona zimekopiwa kutoka taasisi ya Dar, mpaka jina la ile taasisi limesahaulika ukurasa wa saba. Hiyo iliandikwa kwa ajili ya mkaguzi na mfadhili, mtu wa masjala mwenyewe hajawahi kuiona.

Twende kwenye siri, maana hapa ndo pana ubishi wa kweli.

Januari na Mei 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya gesi na bomba la kwenda Dar es Salaam. Sitaki kudanganya kwamba mikataba ingekuwa mezani vurugu zisingetokea, mambo yalikuwa mengi na ya zamani, watu wa Kusini walikuwa na madonda yao hata kabla ya gesi. Ila kila aliyekuwepo anajua uvumi ulivyotembea kipindi kile, kila mtu na takwimu zake, kila mtu na "nimesikia", na uvumi huwa unajaa pale pale ambapo karatasi haionekani. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya uwazi na uwajibikaji kwenye tasnia ya uziduaji, ambayo inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe hadharani. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, raia unaandika maombi kwa ofisi yenye taarifa na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Upande wa pili ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inayolinda nyaraka za siri za serikali, na adhabu zake si za mchezo. Kwa hiyo afisa wa kawaida pale halmashauri amekaa katikati, huku anaambiwa toa taarifa, huku anaambiwa ukitoa kisichotolewa umekwisha, na binadamu akiwa kwenye hali hiyo anachagua kunyamaza. Tusimlaumu sana, kukataa hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Mimi naona kuna swali moja linasaidia sana kuliko kukariri vifungu: siri hii inamlinda nani? Siri ya mgonjwa inamlinda mgonjwa. Siri ya zabuni kabla ya kufunguliwa inawalinda washindani wote wasichezewe. Siri ya aliyetoa taarifa za rushwa inamlinda asidhurike. Ukiuliza hilo swali na jibu likawa inamlinda mkurugenzi asiulizwe maswali, basi hapo hakuna siri, kuna mtu kajificha nyuma ya muhuri mwekundu. Tena siri inakuwa na mwisho wake. Zabuni ikishafunguliwa na mshindi kutangazwa, bei haina sababu ya kuendelea kufichwa miaka kumi. Masjala nyingi zinajua kupiga muhuri wa siri lakini hazina utaratibu wa kuja kuuondoa, faili linafungiwa kwa sababu ya barua moja na barua nyingine themanini zisizo na kosa lolote zinafungwa nayo.

Halafu kuna upande ambao sisi Waswahili tumeuchelewa, taarifa za watu. Umenunua karanga za mia mbili stendi, umefungua kile kikaratasi cha pembe, upande mmoja chumvi na vumbi la maganda, upande wa pili ni fomu ya kliniki. Jina la mama mzima mzima, kijiji, umri, mimba ya ngapi, na safu ya majibu ya vipimo imejazwa kwa peni ya bluu. Muuza karanga hana kosa, kanunua karatasi kwa kilo. Aliyeuza hizo kilo kaambiwa safisha stoo, kasafisha. Aliyemwambia asafishe alikuwa anasubiri ugeni wa mkoa. Kila mmoja hapo katimiza kazi yake, na mama wa watu siri yake inazunguka stendi imefungia karanga.

Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa zijisajili kwa Tume, zikusanye kwa sababu inayojulikana, zichukue kinachohitajika tu, ziwe na taarifa sahihi, zisikae nazo zaidi ya muda unaohitajika, na zizilinde zisivuje. Za afya, za watoto na za kimaumbile kama alama za vidole zinahesabiwa nyeti, ulinzi wake unapanda zaidi. Na wewe mwenye taarifa una haki ya kuuliza mna nini kuhusu mimi na kudai warekebishe pale walipokosea.

Sasa chukua hiyo sheria utembee nayo gesti yoyote pale Lindi mjini. Kitabu cha wageni kimefunguliwa kaunta, kinataka jina, kabila, kazi, umetoka wapi, unaenda wapi, namba ya simu. Wakati unajaza mstari wako unasoma bila kutaka kuwa chumba namba nne jana alilala nani katokea wapi. Kabila wanalitaka la nini hakuna anayejua, lipo kwa sababu kitabu kilichochapwa kina hilo safu na kilichokitangulia kilikuwa nalo. Au kikoba kinachotupia majina ya wadaiwa sugu kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili, nusu yao hata si wanachama. Au mwalimu anayepiga picha orodha ya wanafunzi wasiolipa michango akairusha kwa wazazi wote. Nia inaweza kuwa ni kukusanya hela, hilo naelewa, hela za watu zinauma. Ila deni ni kati ya kikundi na mdaiwa, na kikundi kikishatumia aibu kama njia ya kukusanya, siku moja kitamwaibisha mtu ambaye alishalipa na karani akasahau kuandika.

Tukija kwenye kuteketeza ndo kuna visa vizito, na hapa lazima tutoke nje ya mkoa kidogo.

Marekani mwaka 2001 kampuni kubwa ya nishati, Enron, ilipoanza kuporomoka, wakaguzi wake wa hesabu Arthur Andersen walikuwa wameshajua uchunguzi unakuja. Mwanasheria wa ndani akawatumia wenzake imeili ya kuwakumbusha kuhusu sera ya kampuni ya kutunza na kuondoa nyaraka. Imeili ya kawaida kabisa, ina adabu zake. Kilichofuata pale Houston ni mashine za kukata karatasi kufanya kazi mfululizo na imeili kufutwa kwa wingi. Andersen wakatiwa hatiani 2002, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikaja kuitengua hiyo hukumu 2005 kwa sababu lile jopo la raia wanaoamua kesi lilielekezwa vibaya, lakini kampuni iliyokuwa na wafanyakazi kama 85,000 duniani ilikuwa imeshakufa. Angalia kwamba sera ya kuteketeza ilikuwepo siku zote. Shida ni kwamba ilikuwa imelala, ikaamshwa siku mchunguzi yuko njiani. Sera inayofanya kazi kila mwaka mwezi fulani haina lawama, ila inayoamka ukisikia mkaguzi kafika Masasi hiyo ni kuficha ushahidi tu, hata ukiisoma ukurasa kwa ukurasa.

Kisa cha pili kinanisumbua zaidi kwa sababu hakina mwizi ndani yake. Uingereza iliwapokea watu wengi kutoka visiwa vya Karibi baada ya vita ya pili, wale wanaitwa kizazi cha Windrush, kwa jina la meli. Kadi zao za kushukia bandarini zilikuwa zimetunzwa. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule ikaziteketeza, na sababu waliyoitoa ilikuwa ni kulinda taarifa binafsi, kutokukaa na data za watu zaidi ya muda unaohitajika. Halafu serikali ikabana masharti ya uhamiaji, wazee waliokaa kule miaka hamsini wakaambiwa thibitisha uliingia lini. Kadi ambayo ingewathibitishia ndo ile iliyoteketezwa. Watu walifukuzwa kazi, walinyimwa matibabu, wengine walirudishwa nchi ambazo waliziacha wakiwa watoto, mpaka ilipolipuka kashfa 2018. Kwa hiyo hata kanuni nzuri kabisa, ya kumlinda aliyeandikwa, inaweza kumuumiza mtu huyohuyo kama aliyekaa kuamua hakujiuliza huyu atakuja kuihitaji hii karatasi kwa lolote? Ndo maana ratiba ya kuteketeza inapangwa na watu wa aina tofauti wakiwa pamoja, wa masjala, wa sheria, wa hesabu, na mtu anayewajua wateja. Bosi peke yake na kiberiti hatoshi.

Cha tatu kiko karibu na sisi. Wakoloni Waingereza walivyokuwa wanafungasha, mwaka 1961 yalitoka maelekezo kutoka London kwamba serikali mpya za Afrika zisirithi karatasi ambazo zinaweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Nyingi zikachomwa, nyingine zikasafirishwa kimyakimya. Wazee wa Kenya waliopigwa na kuteswa wakati wa Mau Mau walipofungua kesi London, mwaka 2011 serikali ya kule ikakiri kuwa ina mafaili ya makoloni 37 yamelala Hanslope Park, kituo cha serikali kulekule Uingereza. Mwaka 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa madai ya wazee 5,228. Miaka hamsini na zaidi ilipita, karatasi zilizofichwa zikaja kusema. Aliyeandika yale mafaili hakuwahi kuwaza kwamba mtu wa tatu atakuja na wakili.

Kwa hiyo tutunze kila kitu basi? Hapana, na hapa naomba tuelewane, maana wengi wakisikia hivi visa wanakimbilia kutokutupa chochote. Stoo iliyojaa kuanzia sakafuni hadi dari haina tofauti na stoo iliyoungua, ukitafuta hupati. Halafu ukitunza risiti za chai za 2009 pamoja na hati za viwanja, mchwa hawachagui. Kwa utaratibu mzuri faili lililofungwa linakaa kwanza karibu, likishapoa linahamia kwenye chumba cha nyaraka tuli, muda wake ukifika linapitiwa, ama linapelekwa kuhifadhiwa daima ama linateketezwa kwa orodha iliyosainiwa, ikionyesha nini kimeteketezwa, lini, kwa idhini ya nani. Hiyo orodha ya vilivyoteketezwa haiteketezwi kamwe. Watu wengi wanashangaa nikiwaambia hivyo lakini ndo kinga ya mtunza nyaraka mwenyewe, ukiulizwa liko wapi unaonyesha karatasi, hubaki kuapa.

Na hata mwenye makosa ana haki yake kwenye faili. Ule uhakiki wa vyeti wa 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Walioona wameonewa waliruhusiwa kukata rufaa na wapo waliosafishwa, kwa vithibitisho. Mwaka 2022 serikali ikaamua wale walioondolewa warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii. Sasa fikiria ofisi ambayo 2017 kwa hasira au kwa kujipendekeza ilitupa mafaili ya hao watu, "hawa si watumishi tena". Miaka mitano baadaye mtu anakuja kudai senti zake halali na wewe huna hata kipande.

Kompyuta nazo zimekuja na yake. Ofisi nyingi huku kwetu, tuseme ukweli, zinaendeshwa kwenye simu za watu. Maagizo yanatolewa WhatsApp, mikataba inatumwa kwenye imeili binafsi ya mhasibu, picha za risiti ziko kwenye simu ya karani ambayo mtoto anachezea gemu jioni. Mhasibu akihama au simu ikidumbukia baharini pale Shangani, taasisi imepoteza kumbukumbu na haijui hata imepoteza nini. Sera lazima iseme wazi kuwa uamuzi uliotolewa kwenye simu unaandikwa dokezo na kuingizwa kwenye faili siku hiyohiyo, na imeili ya kazi iwe ya ofisi, pasiwedi zikabidhiwe kama funguo zinavyokabidhiwa. Mei 2024 ilitufundisha mengi kwa mpigo, kimbunga Hidaya na mvua zake vikakata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, na mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikakatika, nchi nzima intaneti ikawa inasuasua. Aliyeweka kila kitu mtandaoni tu alikwama, aliyeweka kila kitu kwenye kabati moja lililo chini dirishani naye alikuwa kwenye hatari yake. Nakala mbili, sehemu mbili tofauti, moja isitegemee intaneti. Na bakapu iliyokaa droo hiyohiyo ya meza yenye kompyuta, mwizi akija anaondoka na vyote.

Nimerudi kwa yule dada wa masjala, maana tumemsema sana na mzigo mkubwa ni wake. Ana mshahara mdogo, chumba hakina feni, joto na hewa ya chumvi, halafu mchana mkuu anaingia anafunga mlango, "binti yangu, hebu ile folio ya 14 itoe," yaani karatasi namba 14 ndani ya faili. Afanye nini? Watunza nyaraka duniani wana kanuni zao za maadili zilizopitishwa Beijing 1996 kupitia Baraza la Kimataifa la Nyaraka, na zinasema wazi wasikubali shinikizo kutoka popote la kuchezea ushahidi ili kuficha au kupotosha ukweli. Ni rahisi kuandika Beijing, kazi iko Nanyumbu. Kinachomsaidia mtu kama huyu ni vitu vidogo vya utaratibu kuliko ujasiri. Folio zikiwa na namba na zimeorodheshwa, kuondoa ya 14 kunaacha pengo linaloonekana na mkuu mwenyewe anajua. Anaweza kujibu kwa adabu zote, "Sawa mkuu, naomba uniandikie kwenye dokezo nitoe kwa sababu gani, ili nikiulizwa na wakaguzi nionyeshe." Mara tisa kwa kumi, kwa ninavyowajua wakuu, hilo dokezo haliandikwi na folio inabaki.

Na wewe mwananchi ukienda kuomba taarifa zako usiende kwa mdomo. Andika barua, taja unachokitaka kwa jina na mwaka, "taarifa zangu zote" ni rahisi kukataliwa, "barua yangu ya ajira ya mwaka 1994 na kumbukumbu za kupandishwa daraja" si rahisi. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, au ile ya Taarifa Binafsi kama ni habari zako mwenyewe na unataka zirekebishwe. Beba nakala mbili, moja waache nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na asaini aliyepokea, wakigoma kugonga omba kwa upole uongee na mkuu wa masjala, usiondoke bila huo muhuri. Zile siku 30 utakuja kuzidai kwa tarehe iliyoandikwa pale.